Malori Madogo ya Vijitofali: Namna ya Kuyaunda na Kuyashindanisha

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili amenitaka nieleze habari za mchezo ambao baadhi yetu tunaucheza katika miji ya Gitega na Muyinga, huko Burundi, yaani mchezo wa kuunda malori madogo yenye mota na kuyapitisha mahali pasipo na barabara. Nimekubali kwa furaha, maana nimeona kwamba watu wengi wakisikia habari zake hucheka na kusema, "Hayo ni mambo ya watoto." Huenda ni kweli kuwa yalianza kwa watoto. Lakini mtu atakayesoma maelezo haya mpaka mwisho nadhani atakubali kwamba ndani ya lori dogo lenye urefu wa sentimita 40 mna karibu taabu zote zinazompata dereva wa lori kubwa apandaye milima yetu wakati wa masika.

Kwanza nieleze vijitofali vyenyewe. Ni vile vya plastiki vyenye vinundu juu na uwazi chini, ambavyo hushikana mtu akivibana kwa kidole. Asili yake ni nchi ya Denmark. Mwaka 1932 seremala mmoja wa Billund, jina lake Ole Kirk Christiansen, alipoona kazi zimepungua kwa sababu ya shida ya fedha iliyoenea duniani wakati ule, alianza kuchonga vitu vya kuchezea vya mbao. Baadaye akakiita kiwanda chake LEGO, jina lililofupishwa kutoka katika maneno mawili ya lugha yao yenye maana ya "cheza vizuri". Tarehe 28 Januari 1958 mwanawe, Godtfred, aliandikisha hataza ya kijitofali chenye mirija ndani yake, na mirija hiyo ndiyo ifanyayo vijitofali vishikane imara. Tangu hapo umbali wa kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi katikati ya kinundu cha pili haukubadilika: ni milimita 8 tu. Kwa hiyo kijitofali cha mwaka 1958 hushikana vema na kile kilichotoka kiwandani juzi. Mwaka 1977 kiwanda hicho kilitoa vifaa vya namna nyingine, ambavyo baadaye viliitwa Technic. Hivyo vina fito zenye matundu, ekseli, pini, na gia za meno. Hivyo ndivyo tunavyovitumia sisi.

Lakini msidhani kwamba elimu ya kuunda malori madogo ilitujia kutoka Denmark. La, hasha. Nani kati yetu hakumwona mtoto akisukuma lori la mti au la waya, lenye magurudumu yaliyokatwa katika ndara zilizochakaa, na fimbo ndefu yenye usukani mwishoni? Malawi watoto huliita lori la namna hiyo galimoto. Tena Goma, upande wa pili wa ziwa Kivu, watu wazima huunda chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, na kubebea magunia ya makaa, viazi na saruji. Chukudu kinalisha nyumba nyingi kule. Basi asiseme mtu kwamba chombo cha mbao ni mchezo tu, wala asiseme kwamba fundi lazima aanze na vifaa vya kununua.

Nasema hivyo kwa sababu, katika habari hii, kuna makundi mawili. Sisi wa Gitega tulipata vijitofali vyetu kwa ndugu aliye Ubelgiji. Alivinunua kwa kilo, vikiwa vimekwisha kutumika, akatuletea vikiwa ndani ya sanduku pamoja na mota mbili. Wenzetu wa Muyinga hawakuwa na kijitofali hata kimoja. Walitumia mbao za mkaratusi, plastiki ya bidoni zilizopasuka, waya, na mota walizozitoa katika redio za kaseti zilizokufa. Swali lililokuwa mioyoni mwa wote, ingawa hakuna aliyelitamka, lilikuwa hili: je, mchezo huu ni wa wale wenye ndugu Ulaya tu?

Sasa nieleze sheria za mchezo. Msifikiri ni mashindano ya mbio kama ya farasi. Huko Ulaya kuna mashindano ya malori ya kweli ambayo hupitishwa kwenye mashimo, mawe na matope, na mshindi si yule aliyekwenda kasi bali ni yule aliyepita kwa usafi. Uwanjani husimamishwa vigingi viwili viwili, mfano wa milango. Lori likigusa kigingi, linaandikiwa makosa. Likirudi nyuma, makosa. Likishindwa kupita kabisa, makosa mengi zaidi. Mwisho wa siku mwenye makosa machache ndiye mshindi. Wapenzi wa vijitofali katika nchi nyingi wameuiga mchezo huo kwa malori yao madogo, nasi tukaufuata. Uwanja ni mteremko wo wote wenye udongo mwekundu, mizizi na mawe, na katika Burundi mahali pa namna hiyo hapatafutwi. Vigingi vyetu ni vijiti vya matete. Kila lori lina dakika 10 za kumaliza milango yote.

Basi tuje kwenye maarifa yenyewe, na la kwanza ni gia.

Mota ndogo ya umeme ina kasi nyingi lakini nguvu yake ya kuzungusha ni haba. Gurudumu linalopanda mlima lataka kinyume chake: nguvu nyingi na kasi ndogo. Kazi ya gia ni kubadilishana moja kwa jingine, kama mtu abadilishaye fedha sokoni. Ukitia gia yenye meno 8 kwenye mota, nayo ikazungusha gia yenye meno 24, gia kubwa itazunguka mara moja kila ndogo izungukapo mara 3. Kasi imepungua mara 3, na nguvu imeongezeka mara 3. Gia ya meno 8 ikizungusha ya meno 40, mabadilishano ni mara 5. Ukiunganisha hatua hizo mbili moja baada ya nyingine, wapata 3 mara 5, yaani 15. Lakini kama ilivyo sokoni, mbadilishaji huchukua chake: kila gia inayoongezwa huleta msuguano, na nguvu fulani hupotea njiani.

Tutazame mfano wa hesabu. Tuseme lori lako lina uzito wa gramu 1,200, na wataka lipande mteremko wa digrii 30. Katika mteremko huo, sehemu ya uzito inayolivuta lori kurudi chini ni nusu, yaani gramu 600. Tuseme gurudumu lina kipenyo cha sentimita 8; nusu yake ni sentimita 4. Zidisha 600 kwa 4, utapata gramu-sentimita 2,400. Hiyo ndiyo nguvu ya kuzungusha itakiwayo kwenye magurudumu ili lori lisimame tu bila kurudi nyuma. Sasa, tuseme mota yako yatoa 400. Ukiweka gia za 3 mara 3, yaani 9, unapata 3,600; toa theluthi moja iliyopotea kwa msuguano, imebaki 2,400. Lori litasimama pale pale likinguruma. Likikutana na jiwe dogo kama yai, limeshindwa. Lakini ukiweka 3 mara 5, yaani 15, wapata 6,000. Toa theluthi, imebaki 4,000. Sasa una akiba ya kuvuka jiwe.

Je, umepoteza nini? Tuseme mota inazunguka mara 180 kwa dakika. Kwa gia za 9, gurudumu huzunguka mara 20 kwa dakika, na kwa kuwa mzunguko mmoja wa gurudumu ni kama sentimita 25, lori litakwenda mita 5. Kwa gia za 15, gurudumu huzunguka mara 12, na lori litakwenda mita 3 tu kwa dakika. Ni mwendo wa kinyonga. Lakini kinyonga hufika juu ya mti. Mjomba wangu mmoja mkaaji wa Muyinga, aliyeendesha malori miaka mingi kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Kobero mpaka Bujumbura, alitutazama tukibishana juu ya jambo hili, akaniambia, "Mpwa wangu, mlima haupandwi kwa kelele. Mlima hupandwa kwa gia namba moja, tena huingizwa kabla ya kufika mlimani." Nikamwonyesha hesabu yangu. Akaitazama, akasema, "Ndiyo hiyo hiyo, ila mimi nimeijua kwa miguu."

Jambo la pili ni mahali pa kuweka gia hizo. Wengi wanaoanza huzirundika zote karibu na mota, kisha hupeleka nguvu kwenye magurudumu kwa ekseli ndefu ya plastiki. Haifai. Nguvu kubwa ya kuzungusha ikipita katika ekseli ndefu ya plastiki, ekseli hujisokota kama kamba, na meno ya gia huanza kurukana kwa sauti ya kuvunja karanga. Yafaa nguvu isafiri ikiwa bado ndogo na yenye kasi, kisha ipunguzwe na kuongezwa nguvu pale mwisho kabisa, karibu na gurudumu. Hivyo ndivyo ilivyo katika Unimog, lori la Kijerumani lililoanza kutengenezwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Ekseli zake ziko juu zaidi ya kitovu cha gurudumu, na katika kila gurudumu mna gia za kuteremsha nguvu. Faida ni mbili: nguvu huongezeka mwishoni, na tumbo la lori huwa juu, lisikwame kwenye mawe. Mwaka 2011 kiwanda cha LEGO chenyewe kilitoa mfano wa Unimog wenye ekseli za namna hiyo, lakini mtu mwenye gia za ziada aweza kuziunda mwenyewe.

La tatu ni difu. Motokaa ikipinda kona, gurudumu la nje husafiri zaidi kuliko la ndani. Difu huyaruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke kwa kasi mbalimbali. Barabarani ni jambo jema. Lakini kwenye matope difu ni adui, maana nguvu hukimbilia gurudumu lisilo na kazi. Gurudumu moja likiwa hewani huzunguka bure kama feni, na mwenzake aliye ardhini amelala. Mmekwisha kuona jambo hilo mara nyingi kwa malori ya kweli. Kwa sababu hiyo sisi hatutii difu katika malori yetu, tunayaunganisha magurudumu mawili kwa ekseli moja. Lori hupinda kwa shida kidogo, lakini hupanda. Tena tunaendesha magurudumu yote manne au sita, si ya nyuma tu.

Vilevile hapana budi magurudumu yote yaguse ardhi kila wakati. Chesisi iliyo ngumu kama ubao, ikipita kwenye shimo, hubaki imesimama kwa magurudumu matatu. Dawa yake ni kuifunga ekseli ya mbele kwa pini moja tu katikati, ili iweze kuinama kulia na kushoto kama mizani ya muuza nyama. Ni jambo rahisi kuliko springi, na halihitaji fedha.

La nne ni uzito na mahali ulipo. Hapa nawaomba wasomaji wasikilize kwa makini, maana jambo hili si la mchezo tu. Kila chombo kina kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wote ni kama umekusanyika. Pima upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, ugawe kwa 2. Ikiwa nusu hiyo ni sentimita 6, na kitovu cha uzito kiko sentimita 6 juu ya ardhi, lori litapinduka likiinamishwa upande digrii 45. Lakini ukipakia betri juu ya bodi hata kitovu kikapanda mpaka sentimita 12, lori lile lile litapinduka kwa digrii 26 na kitu. Hukubadili magurudumu wala njia. Umebadili mahali pa mzigo tu. Ukitaka kulijua lori lako bila hesabu, liweke juu ya ubao kwa ubavu wa mteremko, uinue ubao polepole, na mwenzako alikinge kwa mkono. Pale linapoanza kuinua magurudumu ya juu, pima pembe. Hiyo ndiyo siri yake.

Sasa fikirini malori yanayopita kati ya Kobero na Muyinga na kuendelea bara, yamepakiwa hadi juu kabisa, na juu ya shehena wamekaa watu. Tena fikirini wale vijana wa baiskeli, ambao hushika nyuma ya malori ili wavutwe mlimani. Lori likirudi nyuma kidogo, au likiinama, wao ndio wa kwanza kuumia. Nimewafanyia watoto wa mtaani kwetu jaribio lile la ubao, mara ya kwanza mzigo ukiwa chini, mara ya pili ukiwa juu. Sikuwa na haja ya kuwahubiria. Waliona wenyewe lori likianguka, na mmoja akasema, "Kumbe ndiyo maana."

La tano ni matairi. Ubao ule ule hutumika pia: funga magurudumu yasizunguke, elekeza lori juu, kisha inua ubao mpaka lori lianze kuteleza. Pembe hiyo ndiyo mwisho wa mlima utakaoweza kuupanda, hata ukiwa na mota kama ya treni. Gia huleta nguvu, lakini ni tairi inayoishika nchi. Kwenye udongo mkavu tairi laini na pana hushika vizuri. Kwenye tope la udongo mwekundu, tairi yenye meno madogo hujaa tope kwa mizunguko michache, ikawa kama tufe lililopakwa sabuni. Huko yatakiwa meno marefu yenye nafasi pana katikati, ili tope lidondoke lenyewe.

La sita ni umeme. Betri 6 ndogo za volti 1.5 zikipangwa mfululizo huleta volti 9, lakini ni ghali na hufa upesi. Zile za kuchajiwa zina volti 1.2 kila moja, yaani 7.2 kwa betri 6. Lori litapungua kasi kidogo, lakini mfuko utapona. Wako wanaotumia betri za lithiamu kutoka katika simu na kompyuta zilizoharibika. Natoa onyo: betri ya namna hiyo ikitobolewa, ikibanwa, au ikichajiwa kwa chaja isiyo yake yaweza kuwaka moto usiozimika kwa urahisi. Ikiwa imevimba, usiiguse. Asiyekuwa na mtu mzima ajuaye umeme wa kumsimamia, azikae mbali.

Sasa niwaeleze habari za wenzetu wa Muyinga, maana walikuwa na shida ambayo sisi hatukuwa nayo. Mota ya redio ya kaseti huzunguka kwa kasi sana, aghalabu mara 2,400 kwa dakika, na nguvu yake ni ndogo kabisa. Ili gurudumu lizunguke mara 12, lazima kasi ipunguzwe mara 200. Kwa gia za plastiki ni safari ndefu. Walifanyaje? Hatua ya kwanza walitia kapi mbili za mti, moja ndogo na moja kubwa mara 5, zikiunganishwa kwa mkanda uliokatwa katika tyubu ya baiskeli. Hatua ya pili vivyo hivyo, mara 5 tena. Hatua ya mwisho walitia gia zilizotoka katika mashine ya kuchapisha iliyotupwa na ofisi fulani, zenye mabadilishano ya mara 8. Zidisha 5 kwa 5 kwa 8. Ni 200 kamili! Tena mkanda una hekima yake: mzigo ukizidi, huteleza, na kwa hiyo hakuna kitu kinachovunjika.

Aliyelibuni jambo hilo alikuwa kijana wa miaka 16, ambaye sitamtaja jina. Alikuwa ameacha shule miaka miwili kabla kwa kukosa karo, akawa msaidizi katika gereji, kazi yake kuosha spana na kushika taa. Hakuwa amefanya ile hesabu ya 200. Alikuwa akijaribu kapi moja baada ya nyingine, mpaka lori likapanda.

Tulishindana likizo ya Pasaka, kwenye mteremko nje ya mji wa Muyinga. Sisi tulitoka Gitega asubuhi kwa njia ya Karuzi, malori yetu matatu ya vijitofali yamefungwa katika nguo ndani ya katoni. Wao walikuwa na mawili. Asubuhi kulikuwa kukavu, na sina budi kusema kwamba tuliwashinda wazi. Usukani wa vijitofali ni sahihi. Malori yetu yalipita katikati ya matete kama paka, na yao yaligusa vigingi mara nyingi, kwa sababu usukani wao uliendeshwa kwa waya mbili za kuvutwa kwa mkono. Kufika saa sita tulikuwa na makosa 9, wao wana 14.

Kisha mvua ikanyesha, ile mvua ya Aprili isiyoomba ruhusa. Tulisubiri chini ya bati la duka mpaka ilipopungua, tukarudi uwanjani. Mteremko ulikuwa umegeuka utelezi. Lori letu la kwanza lilipanda urefu wa mkono, matairi yakajaa tope, likashuka kinyumenyume taratibu mpaka lilipoanzia. La pili vivyo hivyo. Lao lilikuwa zito, mbao zote ziko chini, na magurudumu yalikatwa katika ndara nzito, meno yake marefu kama kidole gumba, nafasi zake pana. Lilikwenda polepole, mkanda ukiteleza na kushika, ukiteleza na kushika, na tope likidondoka. Watu waliokuwa wakipita njiani na mizigo yao walisimama. Lilipopita mlango wa mwisho hapana aliyeshangilia kwa sauti kuliko sisi wenyewe tulioshindwa. Mwisho wa siku tulikuwa na makosa 23, nao walibaki na 14.

Baada ya hapo tulikaa pamoja tukala ndizi na maharage, tukafundishana. Yule kijana alitufundisha kukata tairi: usikate meno yaliyonyoka, yakate yakielekea mbele kama jembe. Nami nilimwandikia hesabu ya kapi zake katika karatasi ya katoni. Alipoona 5 mara 5 mara 8 inafika pale pale alipofika kwa kujaribu majuma matatu, alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kwa hiyo ningeweza kujua kabla ya kukata mti?" Nikamjibu, "Ungeweza." Mjomba wangu alikuwapo akisikia.

Juma lile lile mjomba alikwenda kuzungumza na baba yake kijana. Baba hakukataa, alisema tu kwamba ana watoto wengine wanne, na mshahara mdogo wa gereji ulikuwa ukisaidia nyumbani. Walizungumza mara mbili, kama ilivyo desturi, wala jambo halikumalizwa kwa haraka. Mwisho walipatana hivi: mwenye gereji amruhusu kijana afanye kazi siku za Jumamosi na wakati wa likizo, na mwezi wa Septemba aingie shule ya ufundi. Karo ya mwaka wa kwanza tuligawana watu wanane, nusu wa Gitega na nusu wa Muyinga. Ya mwaka wa pili bado hatujaipata yote, lakini tunaitafuta.

Wanafunzi wenzangu, nimejaribu kuonyesha kwamba gia, kitovu cha uzito na msuguano si maneno ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Mtu aweza kuyagusa kwa vidole. Anayetaka kuanza asingoje sanduku kutoka Ulaya. Atafute redio iliyokufa, ndara mbili zilizochakaa, ubao wa mkaratusi na tyubu kuukuu. Ajaribu, kisha afanye hesabu. Au afanye hesabu, kisha ajaribu. Akifanya moja tu kati ya hayo mawili, atafika nusu ya mlima.

Na ninyi mliotutangulia katika shule hii, ambao sasa mna ofisi na maduka, nina ombi dogo. Mashine ya kuchapisha ikiharibika, redio ikinyamaza, msiitupe shimoni. Mpelekeeni mwalimu wa sayansi wa shule iliyo karibu nanyi. Ndani yake mna mota moja au mbili, gia kama kumi, na ekseli za chuma zilizonyoka kuliko zo zote tunazoweza kuzitengeneza. Kwenu ni takataka. Lakini katika kila mtaa yuko mtoto anayekata kapi kwa kisu bila kujua hesabu yake, na huenda hicho ndicho kitu kinachomchelewesha.